Debe Moja la Maji ya Mashine

Walisema sitaweza. Mwenyekiti wa kijiji alisema mtu aliyekaa Zambia miaka kumi na moja amesahau hata kushika jembe, sembuse injini. Mjomba wangu alisema diploma ni karatasi, na karatasi haizungushi mashine. Na mwanamke mmoja muuza ndizi pale njia panda ya Uyole, ambaye hata hakunijua vizuri, alimwambia mama yangu mbele ya watu: "Mmoja aliiunguza. Sasa mmemleta wa pili aje aizike."

Nilikuwa nimerudi kutoka Ndola kwa treni mpya, ambayo viti vyake vilikuwa bado vinanuka rangi. Nilikwenda huko kijana wa kubeba vyuma katika karakana ya mgodi. Nikasoma jioni baada ya kazi, miaka minne, macho yakiniwasha kwa usingizi, mpaka nikapata diploma ya ufundi mitambo. Hakuna aliyenilipia hata senti, na sikumwomba mtu. Diploma ile niliitia kioo nikaitundika ukutani kwa mama kabla sijafungua sanduku la nguo. Waliocheka walicheka. Kutoka Uyole kupanda mlimani kwetu, vijiji vyote vile, hakuna mwingine aliyekuwa nayo, na mpaka leo sioni kwa nini ningeificha.

Lakini sikurudi kwa ajili ya kuonyesha karatasi. Nilirudi kwa sababu ya kaka yangu.

Kaka ndiye aliyekuwa mwendesha mashine ya kusaga ya kijiji. Mashine ile ilinunuliwa kwa fedha za pareto, misimu mingi ya watu kuchuma maua kwenye ubaridi, na siku ilipofika wanawake waliacha kupanda na kushuka mlima na mahindi kichwani. Iliendeshwa kwa injini ya dizeli ya silinda moja, na injini hiyo ilipozwa kwa maji ya pipa. Pipa la lita mia mbili lilisimama kando yake, likiunganishwa kwa mipira miwili, mmoja juu na mmoja chini. Maji yakipata moto ndani ya injini hupanda yenyewe na kuingia pipani kwa mpira wa juu. Ya baridi hushuka na kurudi kwa mpira wa chini. Hakuna pampu, hakuna feni. Ni mpango wa zamani, na ni mzuri ukiheshimiwa.

Asubuhi moja ya Juni injini ilinoki. Pistoni ilikwama ndani ya silinda na mashine ikanyamaza watu wakiwa kwenye foleni. Kaka aliulizwa mbele ya mkutano kama alijaza maji. Akasema alijaza. Akaulizwa tena, akasema alijaza. Hawakumwamini. Katika daftari la kijiji mwenyekiti aliandika kwamba mashine imeungua kwa uzembe wa mwendeshaji. Kaka hakuoa, hakuhama, hakugombana na mtu. Alirudi kulima viazi, na baada ya miaka miwili kifua kikamchukua. Barua ilinifikia Ndola amekwisha kuzikwa wiki tatu.

Nitasema ukweli hapa. Mimi pia niliamini kwamba hakujaza. Niliisoma ile barua na kujiambia kwamba kaka hakusoma, hakujua hatari yake. Nilichotaka ni mama yangu apite njiani bila watu kunong'ona, na niliona njia ni moja tu: mtoto wake mwingine aifufue mashine ileile, mbele ya watu walewale.

Wakati huo wilaya ilikuwa imeshatoa pistoni na silinda mpya, na injini ilikuwa imekaa bandani ikisubiri. Ofisa aliyeleta vifaa aliacha sharti: atakuja mwisho wa mavuno, na asipoikuta inasaga kutwa nzima bila kuchemsha, ataipakia kwenye lori aipeleke kijiji kingine. Nikamwambia mwenyekiti sitaunganisha pipa tena. Nitaunganisha mzunguko uliofungwa: tangi, pampu, injini, rejeta, na kurudi kwenye tangi. Maji yaleyale, yakizunguka bila kupungua.

"Rejeta ya gari?" aliuliza.

"Ya lori."

"Na lori utaliweka wapi, ndugu fundi, juu ya banda?"

Watu walicheka sana siku hiyo. Mimi nilichukua basi la Iringa.

Miaka ile vipuri havikuuzwa. Ulichoweza kujua ni kitu fulani kiko kwa nani. Niliambiwa kwamba Ruaha Mbuyuni, kule bondeni kwenye joto, kuna mzee aliyekuwa dereva wa malori ya masafa, sasa analima vitunguu, na uani kwake kuna lori bovu lenye rejeta nzima. Nilimkuta anasuka mashada ya vitunguu pamoja na mkewe.

"Rejeta siuzi," alisema kabla sijakaa.

"Sikuja kununua, mzee. Nimekuja kuazima."

Akamgeukia mkewe. "Mama, njoo usikie. Huyu anaazima rejeta kama watu wanavyoazima ungo."

"Lori lenyewe limekufa, mzee wangu."

"Limelala. Limekufa amekuambia nani?"

Nilimweleza kazi yote, kuanzia injini mpaka ofisa. Nikamwonyesha diploma, niliyokuwa nimeitoa ukutani na kuibeba ndani ya gazeti, nikasema niko tayari kumwachia kama dhamana. Aliishika kwa mbali, akaisoma, akanirudishia. "Nitaifanyia nini, nifungie vitunguu? Chukua rejeta na feni yake. Lakini ukiirudisha imetoboka, utakaa hapa ulime mpaka nichoke kukuona."

Pampu niliipata Iringa mjini, katika karakana ya misheni moja, kwa fundi mzee wa Kihehe aliyekuwa na kofia ya sufu hata kwenye jua. Nilimsalimia kamwene, akaitikia, na bila neno jingine akaweka mezani pampu ndogo ya chuma ambayo zamani ilimwagilia bustani.

"Maji huingia wapi na kutoka wapi?"

"Huingia katikati, hutoka pembeni."

"Wangapi hufunga kinyume?"

"Wengi."

"Na wewe?"

"Mimi sijawahi."

"Mtu anayesema hajawahi, huwa namhofia," alisema. Lakini alinipa.

Sasa nieleze jinsi nilivyounganisha, kwa sababu kazi hii niliifanya vizuri na sioni mtu mwingine wa kuieleza. Tangi nililitengeneza mwenyewe kwa bati na lehemu, nikaliweka juu kuliko vitu vyote. Pampu nikaiweka chini ya tangi, ili maji yaifikie yenyewe kwa uzito wake. Pampu ikizunguka kavu dakika chache tu imekwisha. Kutoka pampu maji yaliingia chini ya injini, yakatokea juu, yakaenda kichwani mwa rejeta, yakashuka ndani yake huku feni ikiyapepea, yakatoka mguuni na kurudi tangini. Mkanda mmoja kutoka kwenye injini ulizungusha pampu na feni pamoja.

Mipira niliikata kwa kisu kikali, mkato ulionyooka, kwa sababu mpira uliokatwa upande haukai. Nilipaka sabuni ndani, nikaisukuma mpaka ikapita ule ukingo ulio mdomoni mwa bomba, ndipo nikafunga klipu nyuma ya ukingo. Mafundi wengi huifunga klipu juu ya ukingo wenyewe, na mpira huteleza siku maji yanapopata moto. Sikutumia vipande vya mpira wa baiskeli kufungia. Pinda zote nilizifanya pana, maana mpira uliokunjwa kama goti huziba njia ya maji na mtu asijue.

Kisha nikajaza maji ya mvua na kuiacha injini bila kuiwasha, siku nzima mchana na usiku. Chini ya kila kiungo nilimwaga majivu makavu, duara dogo, ili tone likidondoka lionekane.

Mwenyekiti alikuja akasimama mlangoni. "Ndugu fundi, tulidhani umekuja kusaga. Kumbe umekuja kutambika."

"Njoo kesho utaona mizimu imesema nini."

Mizimu ilisema kwamba kiungo cha chini cha rejeta kinavuja. Majivu yalikuwa na matundu mawili meusi. Nilikifungua, nikakata mpira upya, nikafunga, nikamwaga majivu mengine na kusubiri siku nyingine nzima. Walisema nimeshindwa. Siku ya tatu majivu yalikuwa makavu yote, nikalegeza kifuniko cha rejeta na kuiminya mipira kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, mpaka mapovu ya hewa yalipoacha kutoka. Nikawasha.

Ilisaga kuanzia asubuhi mpaka saa kumi. Niliweka kiganja juu ya rejeta kila baada ya muda, nikaondoa bila haraka. Watu walijaa bandani, weupe kwa unga, na waliosema sitaweza walisimama nyuma. Ningekuwa mtu mwenye hekima ningenyamaza hapo. Lakini nilichukua mkaa nikachora ukutani.

Nilichora pipa la zamani na mipira yake miwili. Nikawaeleza kwamba maji yakishuka chini ya mdomo wa mpira wa juu, hata kwa unene wa kidole, mzunguko unakatika. Maji ya moto hayana pa kuingilia. Injini inaungua huku pipa likiwa na maji tele, na mtu akichungulia ataona maji na kuridhika.

"Kwa hiyo marehemu hakulijaza?" aliuliza mmoja.

"Hakulijaza kama inavyotakiwa," nilisema. "Hesabu haidanganyi."

Mama yangu alikuwa amekaa juu ya gunia karibu na mlango. Alisimama, akakung'uta unga kwenye kitenge chake, akatoka. Nilidhani amechoka.

Siku ya pili jioni nilikuta maji ya tangini yamepungua. Nilikagua kila kiungo, kikavu. Nikajaza. Siku ya tatu yakapungua tena. Kwa fundi hakuna kinachochoma roho kama maji yanayopotea bila tone chini. Siku ya nne asubuhi niliiacha mashine inasaga nikashuka barabarani kuchukua dizeli, lakini dizeli ilikuwa haijafika, nikarudi mapema. Umande ulikuwa umeganda juu ya majani, kama inavyokuwa kwetu Juni, ukikanyaga unasikia unavunjika. Mlio wa pampu niliusikia kutoka mbali, umebadilika, unakwaruza. Niliingia mbio nikazima injini.

Wanawake watano walikuwa wamejipanga nyuma ya rejeta, kwenye koki ndogo ya kumwagia maji. Wa kwanza alikuwa ameinama na beseni.

"Mnafanya nini?"

"Tunachota maji ya moto, fundi," alisema bila wasiwasi. "Mtoto ana mafua."

"Nani amewaruhusu?"

"Ruhusa ya nini tena, baba? Maji ya mashine ni ya watu. Ukija kusaga asubuhi unarudi na maji ya kuogea. Kaka yako hakutunyima hata siku moja."

Nilisimama na spana mkononi.

"Hata kwenye pipa mlichota?"

"Tungechota wapi pengine?" Wenzake wakacheka. "Lile ndilo lilikuwa zuri. Unachovya tu."

"Kwa chombo gani?"

"Kwa chochote mtu alichokuja nacho. Kata, sufuria, debe."

Nilifunga koki, nikaenda nyumbani. Mama alikuwa jikoni anachagua maharage kwenye ungo. Alinitazama usoni, akauweka ungo chini.

"Umeshajua," alisema.

"Nimejua nini, mama?"

"Ulipochora ule ukuta ndipo nami nilijua. Kabla ya hapo sikujua, mwanangu. Nisingekaa na jambo hili." Alizungumza kwa sauti ya chini, ileile anayotumia kanisani. "Siku ile pipa lilijaa mpaka juu. Alilijaza kaka yako, nilimwona kwa macho yangu. Bibi yenu alikuwa mgonjwa, anataka kuogeshwa. Nikachota debe moja."

"Debe zima?"

"Debe zima. Kaka yako mwenyewe ndiye aliyenitwika kichwani."

Nyuma ya nyumba pipa lile lilikuwa bado lipo, mama analikingia maji ya mvua. Tundu la mpira wa juu lilikuwa limezibwa kwa gunzi la mahindi. Nilipima kutoka ukingoni mpaka juu ya tundu: vidole vinne. Tukalijaza pamoja, mama na mimi, ndoo kwa ndoo kutoka kisimani, mpaka maji yakagusa ukingo. Kisha nikachukua debe na kuchota mara moja. Maji yalitulia, na gunzi lilikuwa juu ya maji.

Mama aliliangalia. "Debe moja," alisema.

"Na wengine walichota kabla yako na baada yako, mama."

"Wengine ni wengine. Mimi alinitwika."

Sijui kama kaka alitambua baadaye kilichoiua injini. Alikuwa mtu wa kufikiri polepole lakini alifikiri mpaka mwisho. Walipomwuliza kama alijaza alisema alijaza, na hakutaja debe wala mtu. Nimelipindua jambo hilo miaka mingi. Ninachojua ni kwamba mimi, mwenye diploma ukutani, nilimhukumu kwa mchoro wa mkaa bila kuuliza swali moja ambalo mwanamke yeyote wa foleni angelijibu.

Kwetu neno ulilomsemea marehemu vibaya mbele ya watu hulirudishi faraghani. Unalirudisha mahali pale ulipolisemea, na watu wale. Nikaenda kwa mwenyekiti kuomba mkutano.

"Wa nini?"

"Nilisema uongo bandani."

"Wewe?" Alinitazama kana kwamba nimevaa nguo kinyume. "Hesabu imedanganya?"

"Hesabu haikudanganya. Mimi nilihesabu nusu."

Jumapili baada ya ibada tulikusanyika bandani. Nilikuwa nimebeba pipa. Nikalijaza mbele yao, nikachota debe, nikawaonyesha tundu. Nikasema kaka yangu alilijaza, kama alivyowaambia mara mbili. Nikasema maji yalichotwa, kama yalivyochotwa kila siku, na kwamba hakuna aliyejua kuwa debe moja linatosha. Sikumtaja mama. Alijitaja mwenyewe. Alisimama na kusema, "Nilichota mimi," akabaki amesimama.

Mwanamke wa beseni akasimama. "Na mimi nilichota asubuhi ile. Sufuria mbili." Akasimama mwingine, halafu wengine wawili pamoja. Muuza ndizi wa Uyole, ambaye aliolewa kijijini kwetu, alisimama mwisho, alisimama tu. Mke wa mwenyekiti alikuwa mmoja wao. Mwenyekiti alimwona.

Alifungua daftari la kijiji, akarudisha kurasa nyuma, akitafuta kwa kidole. Alipolipata neno uzembe alilipiga mstari kwa kalamu, pamoja na mstari wote ule. Alinionyesha. Kisha akavuka banda, akamwonyesha mama, ingawa mama hakujua kusoma. Mama aliweka kidole juu ya ule wino ambao haujakauka. "Ndaga," alishukuru, na akaketi.

Ilibaki kazi. Ningeweza kuiziba ile koki kwa lehemu na kuyamaliza. Lakini kaka hakuwanyima maji, na mimi nisingekuwa wa kwanza kuwanyima. Niliamua pipa lirudi bandani, lenye maji yake yasiyogusana na maji ya injini, na ndani yake lizame bomba la shaba lililokunjwa mizunguko, maji ya injini yapite humo yakiyapasha yale ya nje. Bomba la namna hiyo katika Mbeya nzima lilikuwa kwa watu wa aina moja tu, wapika gongo. Nilielekezwa mtaa wa Soweto, nyumba ya mama mmoja mnene aliyekaa barazani na sinia la maandazi.

"Nahitaji bomba la shaba lililokunjwa, dada."

"Mimi nauza maandazi."

"Naona. Nahitaji lile usilo nalo."

Alitafuna taratibu. "Nani amekutuma, polisi au mchungaji?"

Nilimweleza habari ya wanawake, umande, watoto wenye mafua. Nilimweleza na habari ya debe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka na bomba limefungwa kwenye shuka, linang'aa kama jipya. "Mwezi huu nilikuwa napumzika hata hivyo," alisema. "Lirudishe limesafishwa. Maji ya injini yananuka."

Bomba lilikuwa jembamba, hivyo sikupitishia maji yote humo. Nililitolea tawi kutoka kwenye mpira wa moto na kulirudisha kabla ya rejeta. Viungo vinne vipya, majivu mapya, siku nzima ya kusubiri. Safari hii hakuna aliyecheka. Walikuja kuyaangalia majivu kimyakimya, mmojammoja, kama watu wanaokwenda kumjulia hali mgonjwa.

Ofisa alikuja mwisho wa mavuno na lori tupu. Alikaa kutwa nzima kwenye kiti cha mwenyekiti. Mashine ilisaga magunia ya kijiji chetu na ya jirani, na wanawake walichota maji ya moto pipani mpaka likabaki nusu, na injini haikujali. Alasiri aliweka mkono juu ya rejeta, akauacha hapo, akauliza nani aliyeunganisha. Nilimwambia. Lori lake liliondoka tupu.

Baada ya mvua kupita, wenzangu wa Ndola walinitumia kwa dereva wa lori rejeta, pampu na bomba la shaba, vitu vyangu mwenyewe vya malipo ya kazi ya zamani. Nilivibadilisha siku mbili, nikavifungua vile vya watu, nikavisafisha kwa mchanga na siki. Kisha nikaomba nafasi kwenye lori la viazi linalokwenda Morogoro, na nikavirudisha vyote kwa siku moja.

Soweto nilipita alfajiri, kabla lori halijapakia. Mama wa maandazi alinusa bomba mwisho hadi mwisho, akaridhika, akanipa maandazi sita ya njiani. Nilimwachia debe la unga. Iringa, fundi wa misheni aliizungusha pampu kwa kidole, akasikiliza.

"Ulifunga kinyume?"

"Pampu sikuifunga kinyume. Kuna kingine."

"Afadhali," alisema, na hakuniuliza ni kipi. Naye nikampa unga wake.

Ruaha Mbuyuni tulifika jua limeshalegea lakini joto bado limekaa. Mzee wa vitunguu aliinua rejeta, akaitazama dhidi ya mwanga, safu kwa safu, akitafuta tundu. Mkewe alimimina maji, akaweka kiganja chini. Hakikulowa.

"Shika upande huo," aliniambia mzee, "turudishe mahali pake."

Lori halikuwa na magurudumu, na kuku walikuwa wametagia kwenye kiti cha dereva. Tuliinua rejeta pamoja, tukaikalisha.

"Kwa hiyo mashine inasaga."

"Inasaga, mzee."

"Nani anaiendesha?"

"Mimi. Kabla yangu alikuwa kaka yangu."

"Amehama?"

"Amefariki."

Alinipa nati mbili, mbili akabaki nazo yeye. "Pole. Naye alikuwa fundi kama wewe?"

"Hakusoma," nilisema. "Lakini alikuwa mwangalifu kuliko mimi."

Mzee aliitikia kwa kichwa, akaanza kukaza za upande wake. Nilikaza zangu. Jua lilikuwa linazama upande wa Iringa nilipomaliza ya mwisho, nikajifuta mikono, na sikuwa tena na kitu cha mtu.